Uzi wa Pili Ulipokatika: Kisa cha Albamu ya Miaka 40 ya Mpiga Gitaa Mkongwe

Kuhusu kisa hiki

Mimi ni fundi mitambo. Nilianza kwa kubeba spika na kukunja nyaya kwenye kumbi za dansi Tanga. Kwa miaka kadhaa sasa nipo Ujerumani, mara nyingi kama msaidizi katika timu zinazorekodi maonyesho ya jukwaani. Kisa hiki nilikuwemo ndani yake. Nimeondoa majina ya watu, bendi, lebo (kampuni inayotoa albamu), ukumbi na mji, na vitu vidogo nimevigeuza ili mhusika asitambulike. Mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi nimeviacha vilivyokuwa.

Mpiga gitaa nitamwita Mzee. Kichwani mwangu ndivyo nilivyomwita siku zote, ingawa mdomoni nilimwita kwa jina lake la kwanza kama wenyeji wa huku wanavyofanya. Mtu wa rika la baba yangu kumwita jina kavukavu ni jambo ambalo bado sijalizoea.

Nawaandikia wenzangu wa nyumbani. Muziki wa roki nzito si wa wengi wetu, lakini usiku wa maadhimisho ni wetu. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na si bendi pekee ya umri huo inayostahili kurekodiwa ikiwa jukwaani, mbele ya watu wake. Makosa tuliyofanya kwenye ukumbi wa watu elfu mbili yanaweza kufanyika vilevile kwenye baa ya watu mia.

Usuli

Mzee alipata jina akiwa kijana, kwenye bendi iliyovuma mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliondoka kwa ugomvi, akaunda kundi lake, na kundi hilo ndilo lililokuwa linatimiza miaka 40. Katika miaka hiyo waimbaji walipita wengi. Wawili ndio mashabiki wanaowakumbuka: yule wa albamu za mwanzo, nitamwita Mwimbaji wa Kwanza, na yule wa miaka ya katikati, Mwimbaji wa Pili. Wote walialikwa. Wa Pili na Mzee walikuwa hawajasimama jukwaa moja kwa muda mrefu, na sababu ilikuwa fedha.

Asiyefuatilia roki nzito huenda akajiuliza kwa nini albamu ya jukwaani ichukuliwe kwa uzito namna hii. Jibu lipo kwenye historia ya muziki wenyewe. Bendi ya Deep Purple walirekodi onyesho mara tatu Japani, Osaka tarehe 15 na 16 Agosti 1972 na Tokyo tarehe 17, wakidhani ni kitu cha soko la Japani tu. Ikatoka albamu ambayo hadi leo ni kipimo cha nyingine zote. Bendi ya Scorpions walirekodi yao Aprili 1978 katika ukumbi wa Nakano Sun Plaza, Tokyo, na mpiga gitaa wao wa wakati ule, Uli Jon Roth, alirudi ukumbini humo humo mwaka 2015 kurekodi upya kumbukumbu ya usiku ule. Mpiga gitaa Michael Schenker naye mwaka 2016 aliwapandisha waimbaji wake watatu wa zamani kwenye jukwaa moja Tokyo na kurekodi. Nawataja kwa sababu kisa changu si cha yeyote kati yao, ila Mzee aliwajua wote na alijua atalinganishwa nao. Kwa mashabiki hawa, solo ya studio ni rasimu. Solo ya jukwaani ndiyo inayohesabiwa.

Mkataba na lebo ulitaka vitu vitatu kutoka usiku mmoja: CD mbili, santuri, na video. Usiku mmoja tu. Bajeti ya gari la kurekodia, yaani studio iliyo ndani ya gari, haikuruhusu zaidi.

Maandalizi na maamuzi yaliyofanyika kabla

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa akiba. Prodyuza aliomba onyesho la usiku uliotangulia, katika mji wa jirani, nalo lirekodiwe. Meneja alikataa gharama ya gari. Fundi wa miksa ya mbele, ile inayopanga sauti ya ukumbini, akasema miksa yake ni ya kidijitali na inaweza kutoa treki zote 64 (kila chombo au maikrofoni kwenye njia yake ya sauti) kwenda kompyuta mpakato kwa waya mmoja wa mtandao. Gharama ilikuwa diski mbili tu. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kila treki ya biti 24 kwa sampuli 48,000 kwa sekunde hula baiti 144,000 kila sekunde, zidisha kwa treki 64 na kwa onyesho la dakika 130, unapata gigabaiti 72 hivi. Diski ya kawaida inabeba na kubakiza. Tukakubaliana.

Uamuzi wa pili ulihusu sauti ya Mwimbaji wa Pili. Kwenye mazoezi ilionekana wazi kwamba noti za juu alizoziimba akiwa na miaka thelathini hazifiki tena. Hakuna aliyesema kwa sauti, lakini siku ya pili Mzee mwenyewe alichukua gitaa jingine, akalishusha nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti na noti), na akaanza wimbo bila maelezo. Besi na gitaa la rithim wakafuata. Mwimbaji alifika. Niliupenda uungwana ule. Sehemu yake yote ya onyesho, nyimbo tano, ikapangwa kupigwa nusu toni chini.

Maana yake Mzee angekuwa na magitaa mawili jukwaani: lile kuu, lililotuniwa kawaida, na la akiba, ambalo sasa lilikuwa limeshushwa. La tatu lilikuwepo, ndani ya kasha lake, kwenye gari la vifaa. Nitalirudia kasha hilo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kukataliwa. Prodyuza alitaka kuchukua sauti kavu ya gitaa kabla haijafika kwenye pedali (kifaa cha mguuni cha kubadili sauti) na ampu (kikuza sauti cha gitaa), ili ikitokea hitilafu tuweze kuipitisha upya kwenye ampu baadaye studio. Mzee alikataa katakata. Alisema boksi lolote likiwekwa kati ya gitaa na pedali yake ya wah-wah, pedali hubadilika tabia vidoleni, hata kama masikio ya wengine hayasikii. Prodyuza hakubishana. Tukaweka maikrofoni mbili kwenye kabati la spika, ya kawaida kila fundi anaijua, SM57, na ya kondensa kwenye spika nyingine ya kabati hilo hilo.

Uamuzi wa nne ulifanywa na watu wa video bila sisi. Tulikuwa na maikrofoni sita za hadhira: mbili ukingoni mwa jukwaa zikiangalia watu, mbili pembeni katikati ya ukumbi, mbili nyuma kabisa. Saa kumi jioni mwongozaji wa video aliona zile za mbele zinaingia kwenye picha, akaagiza ziondolewe. Mtu wetu aliyekuwa jukwaani alikubali. Prodyuza alikuwa ndani ya gari la kurekodia na alijua jambo hilo milango ikiwa imekwisha funguliwa.

Na kulikuwa na jambo la tano, ambalo halikuamuliwa na yeyote: Mwimbaji wa Pili alipanda kujaribu mitambo akiwa bado hajatia saini fomu ya ruhusa ya kurekodiwa. Meneja alisema atatia kesho.

Usiku wenyewe

Nyimbo sita za kwanza zilikwenda vizuri. Mwimbaji wa Kwanza alikuwa na sauti safi kuliko tulivyotarajia na watu wakampokea kama ndugu aliyerudi kutoka safari.

Mwisho wa wimbo wa sita taa zilizimwa ili wageni wabadilishane. Mtu mmoja kati yao, gizani, alikanyaga waya wa SM57 ya gitaa. Stendi haikuanguka, iligeuka tu, maikrofoni ikawa inaangalia sakafu. Ndani ya gari tulisikia gitaa limekuwa jembamba na tukadhani ni lile la pili, lililoshushwa, lenye tabia yake. Zilipita nyimbo tatu kabla fundi wa jukwaani hajatambaa nyuma ya kabati na kuirudisha. Kondensa, namshukuru Mungu, ilibaki mahali pake.

Mwimbaji wa Pili alianza vyema lakini sauti ilimkauka. Wimbo wake wa tatu, ule unaojulikana kuliko yote, alivuka viitikio viwili kwa shida na sehemu ya ubeti mmoja aliuachia umati. Umati uliuimba kwa furaha. Ukumbini ilikuwa dakika nzuri sana. Kwenye treki ya sauti yake ilikuwa pumzi na kikohozi.

Kisha ukaja wimbo wa mwisho, wenye solo ndefu ambayo Mzee huipiga kwa dakika saba au nane kwa namna tofauti kila usiku. Gitaa kuu, tuni ya kawaida. Dakika ya nne, kwenye kuvuta noti ya juu, uzi wa pili ukakatika. Fundi wake wa magitaa alikuwa tayari na gitaa la akiba mkononi, akasogea ukingoni, halafu akasimama kama aliyeona nyoka. Gitaa alilolishika lilikuwa nusu toni chini. La tatu lilikuwa kwenye kasha, na kasha lilikuwa garini.

Mzee alimtazama, akatikisa kichwa, akaendelea na nyuzi tano. Alihama chini, kwenye nyuzi nene, akawa anapiga polepole sehemu ambayo kwa kawaida huimaliza kwa mbio. Besi na dramu walishusha nguvu kumpa nafasi. Tatizo lilikuja baadaye: uzi ukikatika, shingo ya gitaa hupumua kidogo na nyuzi zilizobaki hupanda. Katika solo alizirekebisha kwa vidole na hakuna aliyejua. Kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za kufungia wimbo, akiwa pamoja na kinanda na gitaa la rithim, ukali ulisikika.

Baada ya onyesho

Kesho yake asubuhi Mwimbaji wa Pili hakutia saini. Wakili wake aliuliza kwanza kuhusu mgawo wa mapato ya video. Mazungumzo yalichukua wiki tano. Muda huo wote prodyuza alichanganya sauti za albamu mbili: moja yenye nyimbo tano za kati, nyingine isiyo nazo. Saini ilipatikana, kwa malipo makubwa kuliko yaliyokuwa yametengwa.

Maikrofoni iliyogeuka tuliitibu kwa kondensa. Prodyuza alichukua nyimbo ambazo maikrofoni zote mbili zilikuwa sawa, akasikiliza tofauti, akaiendea kondensa kwa ikwalaiza, kifaa cha kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba, hadi ikakaribia. Ukizisikiliza nyimbo hizo tatu kwa makini gitaa lina hewa zaidi kuliko mengine. Nimewahi kusoma shabiki akisifia jambo hilo.

Hadhira ilitusumbua zaidi. Bila maikrofoni za mbele tulibaki na kishindo cha mbali, cha nyuma ya ukumbi, na kilichelewa. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Maikrofoni iliyo mita 30 kutoka jukwaani hupokea dramu zaidi ya sekunde 0.08 baada ya ile iliyo juu ya dramu yenyewe. Ukizichanganya hivyo zilivyo, kila pigo linakuwa na kivuli. Tulizivuta treki za hadhira zianze mapema zaidi hadi mapigo yakalala pamoja, kazi ya siku mbili. Ukelele wa watu walio karibu na jukwaa, ule unaomfanya msikilizaji ajione kasimama pale, haukuwepo na haukuweza kutengenezwa. Lebo ilipendekeza tuchukue shangwe ya usiku uliotangulia. Prodyuza alikataa, akakubali tu kurefusha shangwe za usiku ule ule kati ya wimbo na wimbo.

Hapo ndipo lilipokuja suala la sauti ya Mwimbaji wa Pili. Usiku uliotangulia alikuwa ameimba wimbo ule vizuri zaidi, na tulikuwa nao kwenye diski. Lakini bendi haikupiga kwa mdundo wa metronomu, kifaa kinachogonga kasi isiyobadilika, masikioni. Usiku uliotangulia walikwenda kasi kidogo zaidi, na si kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Kuipachika sauti ile kungehitaji kunyoosha kila mstari. Ikaamuliwa aimbe upya viitikio viwili na ubeti mmoja studio. Alifanya hivyo kwa alasiri moja.

Solo ilikuwa vita. Nilitarajia lebo itake ibadilishwe na Mzee aitetee. Ikawa kinyume. Lebo haikujali, Mzee ndiye aliyetaka ije ya usiku uliotangulia, au airekodi upya. Alisema watu watamsikia mzee aliyepungukiwa. Prodyuza alimkalisha, akampigia ile ya nyuzi tano mara mbili mfululizo bila kusema neno, kisha akampigia ya usiku uliotangulia. Ya usiku uliotangulia ilikuwa safi na ilikuwa ile ile ambayo Mzee ameshairekodi mara nyingi. Alikubali kwa sharti moja: kodi za mwisho apige upya. Akapiga, dakika kumi, na kikao kikaisha.

Wimbo mmoja ulibaki nje ya video. Ulitungwa enzi za bendi yake ya zamani na haki zake za utunzi ziko kwa mchapishaji. Kwa CD na santuri, kurekodi upya utunzi uliokwisha kutolewa kuna njia iliyonyooka: unalipia leseni kwenye chama cha haki za watunzi. Kwa video hakuna njia hiyo ya mkato. Kuoanisha wimbo na picha kunahitaji ruhusa ya mchapishaji mwenyewe, naye hana wajibu wa kukujibu haraka, au kukujibu kabisa. Barua ilitumwa baada ya onyesho.

Santuri ilipata kisu chake. Upande mmoja ukizidi dakika 22 au 23 sauti huanza kupungua nguvu, hivyo santuri mbili hubeba dakika 90 hivi. Onyesho lilikuwa dakika 130. Lebo haikutaka santuri ya tatu. Nyimbo saba zikaondoka.

Matokeo

Albamu ilitoka kwa wakati uliopangwa na ilipokelewa vizuri. Solo ya nyuzi tano ndiyo iliyotajwa zaidi, na wengi wa waliokuwepo ukumbini waliandika kwamba walikuwa wakisubiri kuona kama itaachwa.

Kisha likaja la kava. Mtu wa lebo, ambaye hakuwahi kukanyaga studio, alikuwa ameandika nyuma ya kava kwamba kila kinachosikika kilipigwa usiku ule na hakuna kilichoguswa. Hakuna aliyelisoma kabla ya kupelekwa kiwandani. Shabiki mmoja alikuwa ameurekodi wimbo mzima wa Mwimbaji wa Pili kwa simu kutoka roshani na kuuweka mtandaoni siku iliyofuata. Albamu ilipotoka, mtu mwingine alizipanga sauti hizo mbili sambamba. Kwenye simu: umati unaimba ubeti. Kwenye albamu: mwimbaji anauimba, kwa sauti nzima.

Yaliyofuata yalikuwa machungu kwa Mzee kuliko mtu mwingine yeyote, maana mashabiki hawakuishia kwenye wimbo ule. Walianza kuitilia shaka hata solo, kitu ambacho hakikuguswa hata kidogo. Wapo walioandika kwamba kukatika kwa uzi ni mchezo wa studio. Prodyuza alitoa maelezo ya wazi: nini kiliimbwa upya, kodi zipi zilipigwa upya, nini kiliachwa. Kelele zikapungua. Toleo lililofuata la CD lilikuwa na kava lililorekebishwa.

Uchambuzi

*Gitaa la tatu.* Uamuzi wa kushusha tuni ulikuwa sahihi na ningeurudia. Ulikosewa pale ulipochukuliwa kama uamuzi wa mwimbaji tu. Gitaa la akiba likipewa kazi, halipo tena kwenye akiba, na hakuna aliyehesabu upya. Fundi wa magitaa alikuwa mwangalifu sana, lakini orodha yake iliandikwa kabla ya mazoezi. Swali la kumuuliza mtu wa nafasi ile halipaswi kuwa kama kuna gitaa la akiba. Linapaswa kuwa: kwa wimbo huu, katika tuni hii, likiharibika sasa hivi, unampa lipi? Kwetu ni hivyo hivyo kwa bendi ambayo mpiga solo ana gitaa moja na la rithim ni la kuazima.

Wengine wataniambia kwamba hitilafu hiyo ndiyo iliyoipa albamu uhai. Ni kweli, na ni bahati. Mpiga gitaa wa kawaida kwenye nafasi ile angesimama.

*Kukubali neno la Mzee kuhusu sauti kavu.* Tulijinyima bima na tukakaribia kuijutia. Bado nadhani prodyuza alifanya sawa. Maadhimisho yanarekodiwa kwa ajili ya mikono ya mtu huyo. Ukimpandisha jukwaani akiwa na wasiwasi na pedali yake, umelinda treki na kupoteza muziki. Ila ukikubali kukosa bima moja, nunua nyingine. Tulipaswa kuzifunga stendi kwa utepe wa gundi sakafuni na kuweka mtu mmoja ambaye kazi yake usiku kucha ni kutazama kabati lile. Dakika tano za maandalizi.

*Usiku wa akiba.* Tulijipongeza mno kwa rekodi ile ya bei rahisi. Mwishowe hatukutumia hata sekunde moja. Sababu ni kwamba tuliijenga akiba ya mitambo bila kuijenga akiba ya muziki. Bendi isiyofuata metronomu haiwezi kukatwa na kuunganishwa kirahisi kutoka usiku mmoja hadi mwingine, na bendi hii isingekuwa yenyewe ikifuata metronomu. Albamu ile ya Deep Purple ya Japani ya 1972 ilichagua wimbo mzima mzima: minne kutoka tarehe 16, miwili kutoka tarehe 17, na mmoja tu kutoka tarehe 15. Hiyo ndiyo akiba inayofanya kazi kwa bendi inayocheza huru. Lakini mkataba wetu uliahidi usiku mmoja wenye tarehe yake kwenye kava, na kwenye video nguo zingesema ukweli hata tungenyamaza.

*Maikrofoni za hadhira.* Hili ndilo kosa linaloniuma, pengine kwa sababu nilikuwepo zilipoondolewa. Mwongozaji wa video alikuwa na haki ya kulinda picha yake. Kosa ni letu: aliyekuwa jukwaani hakuwa na mamlaka ya kukubali, na hakujua kwamba hana. Zingeweza kushushwa kimo, zingeweza kuning'inizwa kwenye bomba la taa. Kulikuwa na saa nne kabla ya wimbo wa kwanza. Katika studio unaweza kuimba upya ubeti na kupiga upya kodi, lakini watu elfu mbili hawarudi.

*Karatasi.* Fomu ya mwimbaji na barua ya mchapishaji zote zilichelewa kwa sababu ileile, hofu ya kuvuruga furaha ya kukutana tena. Meneja alinieleza baadaye kwamba hakutaka kumwekea mtu karatasi mbele wakati ndiyo kwanza wamekumbatiana. Namwelewa, sisi nasi tuna aibu hiyo. Lakini aliyesamehe jana kwa ajili ya muziki, kesho ana wakili, na wakati huo nguvu yote iko upande wake kwa sababu sauti yake iko tayari ndani ya diski zako. Saini ingepatikana kirahisi wakati wa mwaliko, pamoja na tiketi ya ndege.

*Kurekebisha na kusema.* Roki nzito ina kesi za zamani za jambo hili. Albamu ya jukwaani ya bendi ya Thin Lizzy ya 1978 inabishaniwa hadi leo, prodyuza wake Tony Visconti akisema sehemu kubwa ilirekodiwa upya studio na wanabendi wakikanusha. Bendi ya Judas Priest walirekodi Tokyo mwaka 1979, mwimbaji wao Rob Halford akaimba upya studio, na mashabiki wakaibatiza albamu jina la kejeli. Zote mbili bado zinapendwa. Watu wamesamehe marekebisho kwa miaka zaidi ya arobaini. Tofauti ni kwamba zamani shabiki alikuwa na kumbukumbu yake tu, na kumbukumbu hubishiwa. Leo ana simu.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wa timu yetu waliosema tungeacha viitikio vibovu. Mwimbaji yule alistahili kusikika vizuri. Ingawa, kwa ubeti ule mmoja, nadhani tulikosea hata kimuziki: umati ulikuwa umeuimba, na hadhira ikiimba badala ya mwimbaji ni kitu ambacho hakuna studio inayoweza kukupa. Tulikiziba kwa sababu maikrofoni za mbele hazikuwepo na umati ulisikika dhaifu. Kwa maneno mengine, stendi mbili zilizoondolewa saa kumi jioni ndizo zilizoandika lile kosa la kava miezi kadhaa mbele.

Mstari wa kava ulikuwa na maneno kumi na machache. Prodyuza, fundi wa kuchanganya na Mzee, wote watatu wangeukataa kama wangeonyeshwa. Sasa katika mikataba yake prodyuza huyo anaweka sharti kwamba hakuna neno kuhusu namna albamu ilivyorekodiwa linalochapishwa bila yeye kulisoma.

Jibu la mchapishaji lilifika video ikiwa imekaa madukani miezi mitatu. Walikuwa wamekubali. Ada waliyoitaka ilikuwa ndogo kuliko tulivyolipa kwa usafiri wa yale magitaa matatu.